Ngao Zilizopita Njia ya Uani

Hapo zamani za kale, enzi ambazo nguchiro akipiga mbinja mara moja kila mnyama aliacha tonge na kusimama, palikuwa na bonde lenye rutuba lililoitwa Mikunde. Sogeeni karibu, wanangu, na wewe mdogo acha kuchomoa mkeka.

Bondeni humo walikaa wakubwa wanne. Nyumba ya juu ilikuwa ya Nyati. Ikafuata ya Twiga, kisha ya Kifaru, na ya mwisho, karibu na mto, ilikuwa ya Kiboko. Kila nyumba ilikuwa na ghala lake la mahindi, na maghala yalijaa hata panya wakawa wanachagua punje.

Chini kabisa, kwenye kivuko cha mto, palikuwa na kichuguu. Ndani ya kichuguu hicho aliishi Bi Nguchiro na watoto wake sita. Yeyote ambaye angevuka mto kwa ubaya, angeanzia kwake.

Na wabaya walikuwepo. Ng'ambo ya mto walikaa Fisi. Shamba lao lilikuwa kokoto tupu, na mavuno yao yote hayakujaza hata ghala moja la bondeni. Lakini katika kila vikapu kumi vya mtama walivyovuna, vinne walimpelekea mhunzi, naye akawafulia mikuki. Walikula mlo mmoja kwa siku, wakanoa. Kwirr, kwirr, kwirr. Ukilaza sikio mchangani kivukoni, uliwasikia.

Wakubwa wa bondeni hawakulaza sikio popote. Walikuwa na rafiki yao, Tembo, aliyekaa kilimani. Tembo alikuwa na nguvu kuliko wote. Akiinua mkonga na kupiga, paaaa, Fisi waliingia ndani na kufunga mlango.

Tembo aliwapa sharti moja tu. "Mimi ni mmoja," alisema, "na kilima changu kina maadui wake. Kila nyumba iwe na ngao kumi na mbili zake yenyewe. Kila mwaka baada ya mavuno nitapita nyumba kwa nyumba nizihesabu."

Siku hiyo iliitwa Siku ya Ngao.

Mwanzoni kila nyumba ilikuwa nazo. Ila ngao isiyotumika hutafutiwa kazi nyingine. Kifaru alianikia mboga juu ya zake mpaka zikaoza. Watoto wa Twiga waliteleza nazo mlimani, pururu, pururu, mpaka zikapasuka. Kiboko alizishona pamoja akapata godoro, na mnajua wenyewe uzito wa Kiboko. Nyati peke yake ndiye aliyebaki na ngao nzima, kwa sababu alipenda kuziangalia.

Mwaka mmoja, Siku ya Ngao ilipokaribia, Twiga alishuka hadi kivukoni, akainamisha shingo yake ndefu mpaka mlangoni pa kichuguu.

"Hodi, Bi Nguchiro."

"Karibu, Bwana Twiga. Samahani, kiti cha kukutosha sina."

"Nitasimama. Jirani yangu, nina aibu kidogo. Ngao zangu zimeharibika. Tembo akianza kula kwa Nyati, niletee zile za Nyati kwa njia ya uani. Akishahesabu, uzirudishe. Nyati nimemwomba, amekubali. Ila usimwambie mtu mwingine. Wenzangu wanazo, ni mimi tu niliyepungukiwa. Nitakupa kibaba cha maharage."

Bi Nguchiro alikuwa na midomo sita ya kulisha. Alikubali.

Siku iliyofuata akaja Kifaru, akagonga kichuguu kwa bahati mbaya kwa kuwa macho yake hayaoni mbali. "Mwanangu, hapa ni kwa Nguchiro au nimesimama kwenye jiwe?" Alipojibiwa, akanong'ona, "Najua Twiga ana ngao. Niazimie za kwake, umwambie unazipeleka mtoni kuzipaka mafuta. Ni mimi tu niliyepungukiwa."

Kesho yake akaja Kiboko, akasema maneno yale yale. Ni yeye tu. Wenzake wanazo.

Kwa hiyo katika bonde lote aliyejua ukweli alikuwa mmoja, naye alikuwa mdogo kuliko wote.

Mtauliza ngao zilihamaje mchana mweupe. Ni kwa ajili ya mila. Katika bonde la Mikunde mgeni hatoki kwenye nyumba bila kula, na akila haondoki mpaka sufuria ionekane chini. Tembo alihesabu, kisha akala. Alipokuwa anakula mbele ya nyumba, huku nyuma Bi Nguchiro na watoto wake sita walishusha ngao ukutani na kuzivingirisha kwenye njia ya uani kama matairi. Kila mtoto mbili. Gudugudu, gudugudu, gudugudu. Mama alikimbia mbele akiondoa mawe.

Tembo alipofika kwa Twiga, akakuta ngao kumi na mbili ukutani. Kwa Kifaru, kumi na mbili. Kwa Kiboko, kumi na mbili.

"Arobaini na nane," alisema Tembo akipangusa mdomo. "Bonde liko salama."

Mchezo huo ulichezwa miaka sita. Watoto wa Bi Nguchiro waliuona kama sikukuu. Yeye mwenyewe alicheka mara nyingi akiwa peke yake: mimi mdogo hivi, nimewadanganya wakubwa watano na Tembo akiwa mmoja wao. Na maharage yalikuwa mazuri.

Mwaka wa saba, asubuhi moja, Bi Paa alivuka mto.

Bi Paa alikuwa na shamba dogo ng'ambo, jirani na Fisi. Alitoka majini akichechemea, mwanawe mmoja akimfuata. Walikuwa wanne. Sasa walikuwa wawili.

Bi Nguchiro aliwaingiza, akawatengea maharage. Mtoto alikula. Bi Paa aliangalia bakuli tu.

"Walikuja thelathini," alisema. "Mikuki yao yote ina urefu mmoja, na anayeanguka mwenzake anaokota wake na kuendelea. Mume wangu alisimama mlangoni na jembe."

"Pole, dada yangu. Pole sana."

"Mume wangu alitaka tuhame mwaka juzi. Mimi ndiye niliyekataa. Kila Siku ya Ngao nilipanda juu ya jiwe letu, nikaziona zinang'aa kule juu, nyumba baada ya nyumba. Nilizihesabu mwenyewe. Nikamwambia, baba watoto, tuhame kwa nini? Tuna majirani wenye ngao arobaini na nane." Akainua macho. "Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika, Bi Nguchiro. Ngao zile zilikuwa wapi?"

Bi Nguchiro alikuwa na punje ya haragwe mdomoni. Aliitema kiganjani.

Wanangu, kuna aibu ya kuonekana, na kuna aibu usiyoonekana nayo. Hii ya pili ndiyo nzito. Hakuna aliyemnyooshea kidole. Mgeni wake alimshukuru hata kwa chakula. Na chakula chenyewe kilitoka kwenye njia ya uani.

Siku hiyo hiyo alipanda bondeni. Alianza kwa Kifaru.

"Mzee, Fisi wamefika kwa Bi Paa. Kesho ni kivukoni. Mwaka huu tengenezeni ngao za kweli, tafadhali."

"Nitatengeneza, mwanangu, nitatengeneza. Lakini ngozi imekuwa ghali, na mwaka huu naongeza baraza ya nyumba. Halafu fikiria mwenyewe: Nyati ana kumi na mbili, Twiga kumi na mbili, Kiboko kumi na mbili. Mimi mmoja nikikosa, bonde litapungukiwa nini?"

Akaenda kwa Twiga. Twiga alikuwa anapaka ghala lake rangi.

"Mimi nitawaona Fisi kabla ya wote," alisema kutoka juu. "Shingo hii si mchezo. Nitaita, na wenye ngao watatoka."

Akaenda kwa Kiboko. Kiboko alipiga mwayo, ukaona meno yote mpaka ya mwisho.

"Tembo yupo," alisema.

"Na asipokuwepo?"

"Tembo? Aende wapi, mtu mwenye mwili ule?"

Kwa Nyati alikaribishwa uji. Nyati alikuwa anazisugua ngao zake kwa kitambaa. "Mimi nimetimiza sharti," alisema. "Mwenye kosa ni huyo Twiga. Mmoja tu. Kosa la mmoja halituui."

Bi Nguchiro alifungua mdomo aseme, kisha akaufunga. Angesemaje? Alimwahidi kila mmoja kutunza siri. Na nani angemwamini mbeba ngao anayewashitaki wenye ngao? Wangesema, kumbe mwizi wetu ni wewe. Alirudi kivukoni, akawakuta watoto wake wakimfundisha mtoto wa Bi Paa kuvingirisha ufuniko wa chungu. Gudugudu, gudugudu. Alikaa chini, akajifunika uso kwa mkia.

Hapo ndipo alipopata hila yake, na ilimgharimu kitu kimoja alichokuwa nacho cha thamani.

Kitu hicho kilikuwa mbinja yake. Tangu dunia iumbwe nguchiro hakuwahi kupiga mbinja ya uongo. Ndiyo maana wanyama waliacha tonge wakiisikia. Nguchiro akidanganya kwa mbinja mara moja, haaminiwi tena.

Siku ya Ngao ikafika. Tembo alishuka kilimani, mwaka huu akiwa na fimbo ya kutembelea. Akahesabu kwa Nyati, akala. Gudugudu. Akahesabu kwa Twiga, akala. Gudugudu. Kwa Kifaru vivyo hivyo. Saa tisa wote walikuwa mbele ya nyumba ya Kiboko, wenye nyumba wanne na wake zao na watoto wao, wakimsindikiza mgeni kwenye sufuria ya mwisho. Bi Paa naye alikuja, akasimama pembeni.

"Arobaini na nane," alisema Tembo.

Wakapiga makofi. Kiboko akafunua sufuria, wakaanza kula.

"Chwiii! Chwiii! Fisi kivukoni!"

Bi Nguchiro alikuwa amesimama juu ya ghala la Kiboko, nywele zimemsimama, mkia juu.

Wanangu, matonge yote yalianguka, isipokuwa la Tembo.

"Ngao!" alinguruma Nyati. "Kila mtu akachukue ngao zake!"

Wakakimbia. Ardhi ikatetemeka, ndi, ndi, ndi. Twiga alikimbilia kwake kwa sababu ndivyo anavyotakiwa mwenye ngao, ingawa alijua hana. Kifaru alikimbilia kwake, akaikosa nyumba, akagonga mti, akaipata. Nyati, mwenye nazo za kweli, alifika kwake wa kwanza.

Ukuta ulikuwa mtupu. Misumari kumi na miwili ilimtazama.

"Nimeibiwa," alisema Nyati.

Akashuka mbio kwa Twiga kuzidai. Ukuta wa Twiga ulikuwa mtupu, na Twiga alikuwa amesimama mbele yake akijifanya anatafuta.

"Zangu ziko wapi, shemeji?"

"Zako? Nilidhani ziko kwako. Twende kwa Kifaru, yeye anazo."

Wakaenda kwa Kifaru. Kifaru alikuwa anapapasa ukuta kwa pua. "Sioni vizuri," alisema, "lakini naona kama hakuna kitu. Kiboko anazo. Ziko kumi na mbili pale, tumetoka kuzipigia makofi."

Basi wote watatu wakarudi mbio kwa Kiboko, wakihema, ulimi nje. Kiboko mwenyewe hakutoka kwake, lakini hakuwa na ngao mkononi. Alikuwa amejaribu kupitisha mguu kwenye mshikio, haukupita. Mishikio yote ilipimwa kwa kwato za Nyati.

Nyati akaruka akashika ngao moja. Kifaru akaishika ile ile. Wakavutana. Twiga akaitwaa nyingine, akajifunika goti moja, mwili wote ukabaki nje. Mke wa Kiboko alikuwa ameingia chini ya meza na meza imeinuka naye.

"Baba Tembo," alilia Kiboko, "piga mkonga!"

Tembo alikuwa bado ameketi. Alitafuna taratibu, akameza.

"Piga mkonga, Fisi wanakuja!"

"Hakuna Fisi," alisema Bi Nguchiro.

Alishuka ghalani. Alitembea mpaka katikati yao, na kwa mara ya kwanza bonde zima lilimwangalia.

"Nimepiga mbinja ya uongo. Sijui kama nitapiga tena. Nataka mhesabu ngao zote mlizonazo."

Hakuna aliyetaka kuhesabu. Bi Paa alikuja kutoka pembeni, akazigusa moja moja kwa pua yake. Moja. Mbili. Tatu. Alipofika kumi na mbili hapakuwa na ya kumi na tatu. Alizunguka nyuma ya nyumba kuangalia, akarudi.

"Kumi na mbili," alisema. "Mimi nilihesabu arobaini na nane. Miaka sita."

Kifaru alimgeukia Twiga. "Wewe nilijua unazo."

"Nami nilijua Kiboko anazo," alisema Twiga.

"Mimi nilijua nyote mnazo," alisema Kiboko. "Ndiyo maana sikuhangaika."

Nyati alitazama kwato zake. Ngao zilikuwa zake, lakini mwaka hadi mwaka aliacha zipite mlango wa nyuma, kwa kuwa ilikuwa vizuri kuwa yeye mwenye kuombwa.

"Nani alizibeba?" aliuliza Bi Paa.

Hapa ndipo Bi Nguchiro angeweza kuponyoka. Mmoja wa wakubwa angesema hili, mwingine lile, na yeye mdogo angepita katikati ya miguu yao. Watoto wake walikuwa wamekaa mstari mmoja, wanamtazama.

"Mimi," alisema. "Mimi na hawa. Wao hawakujua, mimi nilijua. Maharage niliyowatengea siku mliyovuka, dada yangu, ndiyo ujira wake."

Bi Paa alipiga hatua mbele. Alichukua ngao moja chini, akaigeuza. Mshikio wake ulikuwa mpya kabisa, ngozi bado ngumu, hauna alama ya jasho. Hakuna aliyewahi kuishika kwa kusudi lake. Akamwekea Bi Nguchiro miguuni, akarudi kwa mwanawe.

Ni afadhali angempiga.

Tembo aliinuka, akaegemea fimbo yake.

"Ngao ya nne kutoka kushoto ina ufa kwenye ukingo," alisema. "Niliuona kwa Nyati mwaka wa kwanza. Nikauona kwa Twiga. Nikauona kwa Kifaru, na kwa Kiboko. Nilinyamaza. Nilipenda mnavyonipikia, na nilipenda kuitwa baba. Kwa hiyo na mimi nina aibu yangu." Akavuta pumzi. "Katika kila sehemu kumi za ulinzi wa bonde hili, saba ni zangu, nanyi mna maghala makubwa kuliko langu. Mvua zijazo sitashuka. Chatu wameingia upande wangu wa mashariki, na miguu yangu ni hii mnayoiona."

"Sasa tutafanyaje?" aliuliza Kifaru.

"Muulizeni aliyehesabu."

Wote wakamgeukia Bi Paa. Naye alisema maneno machache tu. "Walikuwa thelathini. Sisi tulikuwa na jembe."

Hakuna aliyeendelea kula siku ile. Sufuria ya Kiboko ilipoa na mafuta yakaganda juu. Kesho yake, kabla mtu hajamtuma, Kiboko alikuja kivukoni amebeba mgongoni vikapu vinne vya mahindi, ujira wa kutengenezewa ngao. Alivitua bila kumtazama mtu usoni. Nyuma yake alikuja Twiga na vinne, akiwa ameacha ghala lake nusu limepakwa rangi. Kifaru alipeleka vyake kwa Nyati kwa makosa, ikabidi waje pamoja. Mhunzi akaitwa, na mshona ngozi. Wakapima kwato ya kila mmoja, wakakubaliana mshikio mmoja unaoingia kwato zote, ili anayeanguka mwenzake aweze kuokota ngao yake.

Na mbinja? Bi Nguchiro hakupiga tena. Alijikatia hukumu mwenyewe. Aliyekaa juu ya kichuguu na kuangalia ng'ambo alikuwa Bi Paa, na paa akishtuka hupiga chafya kali, pchwi, ambayo bonde zima liliizoea.

Chafya hiyo ilisikika wakati mtama wa ng'ambo unapukutika. Fisi walishuka mtoni thelathini, wakatia miguu ya mbele majini. Wakaona ukuta wa ngao kivukoni, na ngao zote zikasogea pamoja, krap. Kiongozi wao alihesabu. Akahesabu tena. Akaitupia macho njia ya uani, kwa sababu habari humfikia fisi pia. Njia ilikuwa imeota majani mpaka magotini.

Walirudi kwenye kokoto zao.

Jioni ile Bi Paa aliingia kwenye kichuguu bila kubisha, akakaa, akavuta bakuli la Bi Nguchiro. Ndani yalikuwemo maharage aliyoyapanda Bi Nguchiro mwenyewe, madogo na machache. Akala. Hakusema amesamehe. Bi Nguchiro hakuuliza.

Nami hadithi yangu naitua hapa, wanangu, kama mzigo uliobebwa kwa haki. Atakayeichukua, aipitishe njia ya mbele.

Ngao ya kuonyesha wageni haimzuii fisi.